UZI: Nani ana ruhusa ya kupiga risasi usiku Balambala?

Kuna hoja moja ambayo haikauki kwenye siasa za kaskazini mashariki. Wafugaji wapewe bunduki, wajilinde wao na mifugo yao. Siku hizi imeongezewa nakshi mpya. Watu wanatuma video za Marekani: jamaa ameketi nyuma ya pikapu, giza totoro, bunduki ina darubini inayoona joto, na koyote anaonekana mweupe kama balbu kwenye kioo. Risasi moja, kwisha. Halafu chini yake mtu anaandika: kwa nini sisi bado tunalinda mbuzi kwa tochi na miiba?

Swali ni zuri. Lakini jibu lake haliko kwenye darubini, liko kwenye historia. Shika chai, uzi ni mrefu.

Tuanze na hao koyote, maana wengi wanaona video tu bila kujua sheria iliyo nyuma yake. Koyote ni ndugu wa bweha wetu, mkubwa kidogo. Texas, kwa mfano, mtu anaweza kumwinda mchana na usiku kwenye ardhi binafsi ikiwa mwenye ardhi amekubali. Hakuna msimu, hakuna idadi. Yaani kule mambo matatu yamekutana: ardhi ina mwenyewe mmoja anayejulikana, raia ana bunduki kihalali, na mnyama mwenyewe hana ulinzi wa sheria. Weka hayo matatu akilini, kwa sababu Balambala hakuna hata moja.

Na kuna jambo ambalo video hazisemi. Marekani imekuwa ikiua koyote kwa mpango wa serikali kuu tangu sheria ya 1931. Kwa miaka kadhaa ya karibuni idara husika imekuwa ikiua zaidi ya 60,000 kwa mwaka, bila kuhesabu wanaouawa na wawindaji binafsi. Matokeo? Koyote ambaye zamani alikuwa mnyama wa magharibi sasa yuko karibu kila jimbo, mpaka mijini Chicago. Ukiua wakubwa, wadogo wanahamia na kuzaa zaidi. Kwa hiyo hata huko bunduki inamaliza koyote wa leo usiku, haimalizi koyote.

Sasa turudi nyumbani. Kwa asiyepajua, Balambala iko kaunti ya Garissa, kando ya mto Tana, ukipanda juu kutoka mji wa Garissa. Wadi zake ni Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri. Maisha ni mbuzi, kondoo, ng'ombe, ngamia, na mashamba kidogo kwenye ukingo wa mto. Huko juu kuna Hifadhi ya Rahole iliyotangazwa 1976, na ng'ambo ya mto kuna Kora. Wanyama hawajui mpaka wa hifadhi. Usiku anakuja waraabe, ndiye fisi, na dawaco, ndiye bweha. Fisi wenyewe wako aina mbili, wa madoa na wa milia. Wa madoa akija na kundi lake anaweza kuangusha punda. Bweha yeye anaiba vitoto vya mbuzi. Kwa familia yenye mbuzi thelathini, vitoto vitano kwa wiki ni karo ya shule imeliwa.

Basi nani zamani alikuwa na ruhusa ya kumpiga risasi huyu mnyama?

Enzi za mkoloni jibu lilitegemea wewe ni nani. Mzungu mwenye shamba nyanda za juu alikuwa na bunduki na alilinda ng'ombe wake bila mtu kumuuliza. Fisi na mbwa mwitu walihesabiwa kama waharibifu tu, waliuawa kwa risasi na kwa sumu, na walinzi wa wanyama wa serikali wenyewe waliendelea kuwapiga mbwa mwitu kwa miongo mingi. Hao hao mbwa mwitu leo ni miongoni mwa wanyama tunaoambiwa wako hatarini kutoweka. Sitaki kucheka lakini.

Huku kwetu hali ilikuwa tofauti kabisa. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa kwa sheria ya 1902: huingii wala hutoki bila kibali. Sheria ya 1934 ya wilaya maalumu ikaongeza kufuli, ikampa ofisa wa serikali uwezo wa kuadhibu jamii nzima kwa kosa la wachache. Na Waingereza walitumia miaka na miaka kuwanyang'anya Wasomali bunduki. Kwa hiyo mfugaji wa ukingo wa Tana alikuwa na mkuki, panga, moto, na boma la miiba. Simba akizidi, unaenda kuripoti, na serikali inamtuma mtu wake.

Huyo mtu wa serikali kwa muda mrefu alikuwa George Adamson. Dunia inamjua kwa sababu ya Elsa, vitabu na sinema. Lakini kazi aliyoajiriwa nayo Idara ya Wanyama mwaka 1938 ilikuwa kuzunguka wilaya hii kavu akizuia ujangili na kuua simba wasumbufu. Hata Elsa mwenyewe alipatikana hivyo: 1956 Adamson alikuwa anamsaka simba aliyeua mtu, simba jike akawavamia, wakampiga risasi, kumbe alikuwa na watoto watatu. Hadithi ya upendo wa wanyama inayojulikana kuliko zote kutoka Kenya ilianza na ofisa wa serikali akitatua kesi ya mnyama na binadamu kwa bunduki. Mwenyeji hakuwa na bunduki hiyo. Alikuwa na kazi ya kuripoti na kusubiri.

Kwenye mikataba ya kimataifa pia usiku ulikuwa umeshapigiwa mstari. Mkataba wa London wa 1933 kuhusu wanyama na mimea ya Afrika ulikataza kuwinda kwa mwanga mkali wa kupumbaza mnyama, pamoja na sumu, mashimo na mitego. Ule wa Algiers wa 1968, ambao Kenya ni mwanachama, ulitaka nchi zikataze uwindaji wa usiku. Ona sasa ujanja wa darubini ya joto: haiwashi taa yoyote. Ukisoma neno kwa neno ule mkataba wa 1933, chombo hiki kinapita katikati ya vidole. Waandishi wake walidhani hakuna mtu atakayeona gizani bila kuwasha kitu.

Haya, uhuru umekuja. Nchi nyingine inasherehekea, na Desemba 28, 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupanda, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Vita vya shifta. Sina nafasi ya kueleza vita vyote hapa, ila vile vilivyobadilisha maana ya usiku ndivyo tunavihitaji.

Kanuni za 1966 za mkoa huu na wilaya jirani zilivipa vikosi nguvu za kukamata, kupekua na kuzuia watu ambazo hazikuwepo kwingine nchini. Watu wakakusanywa kwenye vijiji vya ulinzi. Mfugaji ambaye maisha yake ni kuhama kufuata nyasi akaambiwa kaa hapa. Mifugo ilikufa kwa njaa na magonjwa, mingine ilipigwa risasi. Aliyeonekana porini nje ya muda, na hasa akiwa na silaha, hakuulizwa kama anafuata fisi. Alikuwa shifta. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita na Somalia, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kubaki vitabuni hadi Novemba 1991. Hesabu mwenyewe: miaka 28 karibu. Mtoto aliyezaliwa Balambala 1963 alifika umri wa kuoa na kuwa na watoto kabla ya kuishi chini ya sheria sawa na mtu wa Nyeri. Katikati hapo kuna Garissa ya Novemba 1980 na Wagalla ya Februari 1984. Mnaojua mnajua.

Ndani ya hiyo miaka 28 ndipo sheria za wanyamapori zilipobadilika, na hapa ndipo wachambuzi wengi wa mtandaoni wanaruka.

Sheria ya 1976 iliweka mfumo mmoja wa nchi nzima. Mei 1977 uwindaji wa burudani ukapigwa marufuku kabisa, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na vinyago vya nyara nayo. Sababu ilikuwa ya kweli, tembo na faru walikuwa wanakwisha. Lakini sheria hiyo ya 1976 ilikuwa na upande wa pili wa mzani. Ilisema serikali italipa fidia mnyama akiua au kujeruhi mtu, na pia akiharibu mazao na mali. Yaani kulikuwa na mapatano, hata kama hakuna mfugaji aliyeulizwa: wewe weka mkuki chini, mnyama ni wa taifa, na taifa litalipa hasara.

Mwaka 1989 mapatano yakavunjwa upande mmoja. Marekebisho yaliyounda KWS yaliondoa fidia ya mazao na mali. Ikabaki ya mtu kufa au kuumia tu, na kwa miaka mingi kifo kilikuwa shilingi 30,000. Ndiyo, umesoma vizuri. Baadaye ikapandishwa hadi 200,000. Mbuzi, kondoo, ngamia: sifuri. Kuanzia 1989 fisi akila mbuzi wako Balambala, huruhusiwi kumwinda, huruhusiwi kuwa na bunduki, na hulipwi.

Mwaka huo huo, Agosti 20, Adamson mwenyewe aliuawa na majambazi wenye bunduki pale Kora. Kipindi hicho hicho, mwishoni mwa miaka ya 1980, amri ilikuwa imeshatoka kwamba majangili wapigwe risasi papo hapo. Jangili kwa macho ya serikali alikuwa na sura gani? Mwanamume, porini, usiku, kaskazini mashariki, ana silaha. Sura ile ile ya shifta. Sura ile ile ya baba anayezunguka boma lake saa nane usiku.

Sheria mpya ya 2013, iliyoanza kazi Januari 2014, ilirudisha fidia ya mali. Kifo shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2, na mifugo kwa bei ya soko kupitia kamati ya kaunti. Kwenye karatasi ni nzuri mno. Uzuri wake ndio ukawa tatizo lake, maana madai yalirundikana mpaka yakafika mabilioni na pesa iliyotengwa haikukaribia hapo. Mfugaji anajaza fomu, anathibitisha, anasubiri miaka. Halafu kuna orodha. Fidia inalipwa kwa wanyama waliotajwa kwenye jedwali la sheria. Simba yumo, chui yumo, fisi yumo, mbwa mwitu yumo. Bweha hayumo. Yaani yule hasa anayefanana na koyote wa kwenye video, yule anayekula vitoto vya mbuzi, kisheria hasara yake ni yako.

Hapo ndipo teknolojia inaingia tena, na inauma zaidi ukiangalia nani anayo.

Darubini ya joto haikuza mwanga wa nyota kama zile za kijani za kwenye filamu za vita. Inasoma joto linalotoka mwilini. Aina nyepesi, isiyohitaji kupozwa, ilitengenezwa Marekani kwa pesa za jeshi miaka ya 1980 na siri yake ikafunguliwa 1992. Kutoka hapo ikashuka kwa wazima moto, wenye meli, mwishowe wawindaji. Bei huko ni kuanzia mamia ya dola hadi maelfu kadhaa.

Kenya ipo tayari. Mwaka 2016 shirika la WWF lilitangaza kwamba kamera za joto zimefungwa Maasai Mara na majangili zaidi ya ishirini wamekamatwa kwa msaada wake. Mwaka 2019 kampuni ya FLIR na WWF wakatangaza mradi wa kupeleka vifaa hivyo kwenye hifadhi kumi ili kulinda faru. KWS ilisema mwaka 2020 hakuna faru hata mmoja aliyeuawa na majangili nchini, mara ya kwanza kwa takriban miaka 20. Mimi siwezi kubeza hayo, faru ni faru. Lakini tazama mwelekeo wa kioo. Mashine ya kuona gizani ilipofika kwetu, ilielekezwa kwa binadamu ili kumlinda mnyama.

Mfano mwingine uko ndani ya Garissa yenyewe, huko chini upande wa Ijara. Hirola ni swala ambaye kwa asili anaishi eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia tu, na wamebaki chini ya 500. Mwaka 2012 hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilizungushia uzio wa kuzuia wanyama wakali kwenye eneo la kilomita za mraba 27 hivi, hirola 48 wakaingizwa ndani, na wakaongezeka vizuri. Ni kazi ya kusifiwa, na wenyeji ndio walioitoa ardhi. Lakini imethibitisha kwamba uzio unaomzuia fisi Garissa unawezekana, ukiwa na mfadhili. Swala amepata. Mbuzi wa Danyere bado analala nyuma ya miiba.

Sasa, je, nasema wafugaji wapewe darubini za joto? Hapana. Na sababu yangu si ile ya kusema hawaaminiki.

Kwanza, ardhi. Balambala ni ardhi ya jamii. Hakuna ua wa kusema risasi ikivuka hapa iko kwangu. Usiku mmoja porini kuna familia tatu zimehama, kuna mchungaji anafuata ngamia aliyepotea, kuna mama anatoka kisimani amechelewa, kuna bodaboda imeharibika. Darubini inaonyesha joto, haionyeshi jina. Kwa umbali wa mita mia tatu mtoto aliyechuchumaa ni doa jeupe. Mbwa wa jirani ni doa jeupe. Fisi wa madoa anayeua mbuzi na fisi mdogo anayekula mchwa tu, wote madoa meupe. Huko Texas wawindaji wenyewe wanafundishwa kutofyatua mpaka wamjue mnyama kwa hakika.

Pili, joto la Balambala lenyewe. Mchana jua linachoma mchanga na mawe, na baada ya magharibi ardhi inaendelea kutoa lile joto. Tofauti kati ya mwili na mawe inapungua, picha inakuwa ukungu. Saa hizo za jioni ndizo mifugo inarudi na fisi anaanza kuzunguka. Picha inatakata usiku wa manane kuelekea alfajiri. Hakuna video inayokuonyesha hilo kwa sababu nyingi zimepigwa kwenye baridi.

Tatu, na hili ndilo zito: baada ya shambulio la chuo kikuu Garissa la Aprili 2, 2015, watu 148 wakafa, kafyu ya usiku iliwekwa kwenye kaunti hizi. Mpaka uko karibu na hatari haijaisha. Ofisa wa doria anayeona doa jeupe lenye bunduki kupitia darubini yake atafanya nini? Tusijidanganye, historia ya 1963 hadi 1991 imeshatujibu. Raia mwenye bunduki na askari mwenye bunduki, wote wanaona joto na hakuna anayeona uso, ni msiba unaosubiri tarehe.

Lakini wale wanaopinga bunduki nao wasijione wamemaliza kazi. Ukimnyima mfugaji bunduki na usimlipe, hakai tu. Anatumia sumu. Kenya tuliona hii na Furadan, dawa ya wadudu ya shambani iliyopakwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi. Ilikuwa inauzwa kwa bei ya chini dukani. Aliyekufa si simba peke yake, tai wengi walioshuka kula mzoga nao walikufa, na 2009 kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa kwenye soko la Kenya baada ya kelele za kimataifa. Sumu haihitaji kibali, haipigi kelele, na haichagui. Kama kuna kitu kibaya kuliko risasi ya usiku ni hicho, na kinatoka moja kwa moja kwenye fidia isiyolipwa.

Njia za kati zipo na ni za bei ndogo. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa karibu na Mbuga ya Nairobi, alikuwa mtoto wa miaka 11 alipounganisha taa za kupepesa kuzunguka boma la baba yake ili simba adhani mtu anatembea. Maboma ya waya wa minyororo yamesaidia Umaasaini na Laikipia. Hayo hayavutii kwenye mkutano wa hadhara, najua. Bunduki inapigiwa makofi, waya haupigiwi.

Kwa hiyo mkisikia tena hoja ya bunduki kwa wafugaji, kutoka upande wowote, ulizeni vitu vidogo. Kamati ya fidia ya kaunti imekaa lini mara ya mwisho? Madai mangapi ya Balambala yamelipwa tangu 2014 na mangapi yamelala? Na nani amewahi kusimama bungeni, upande wowote, kuomba bweha aingizwe kwenye jedwali?

Kuna anayeniuliza kuhusu askari wa akiba, wale wafugaji waliopewa bunduki na serikali yenyewe kisha zikakusanywa 2019. Hiyo historia inaanza 1948 na haiwezi kuingia hapa. Wiki ijayo, inshallah.